Simu haiioni TV tangu uweke VPN kwenye ruta? Tafuta kosa kwa mpangilio huu

Swali hili haliishi, ila kila mtu hulileta kivyake. Mmoja anasema alama ya kutuma, kile kijisanduku chenye mawimbi pembeni, imepotea kwenye YouTube tangu aweke VPN kwenye ruta. Mwingine alama anaiona, jina la TV analiona, lakini akibonyeza, duara linazunguka mpaka anakata tamaa. Wa tatu anasema mambo yalikuwa shwari hadi umeme ulipokatika. Hayo ni makosa matatu tofauti na tiba zake hazifanani. Kabla hujafuta kila kitu na kuanza upya, fuata hatua hizi kama zilivyopangwa.

Mfano tutakaoutumia ni wa kawaida majumbani Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa: kampuni ya intaneti imefunga kisanduku chake cha faiba, nyuma yake umechomeka ruta yako yenye VPN ya aina ya WireGuard, na TV ina Chromecast au Google TV. Mwenye AirPlay au DLNA naye atafika, ingawa namba za milango (port) na namna ya kutafutana vinaweza kutofautiana.

Nadharia kidogo, kisha basi

Ukituma video kutoka YouTube, simu haipeleki video. Simu inaiambia TV icheze video fulani, halafu TV yenyewe inakwenda intaneti kuichukua. Kwa hiyo kuna njia mbili. Njia ya ndani ni ya simu na TV, haitoki nyumbani. Njia ya nje ni ya TV na intaneti, na hiyo ndiyo inayopita kwenye handaki la VPN, yaani njia iliyosimbwa hadi seva ya mtoa VPN.

VPN iliyo kwenye ruta inagusa njia ya nje tu. Simu na TV zikiwa kwenye mtandao mmoja, pakiti zao, yaani vipande vya data, hupita ndani kwa ndani bila hata kufika kwenye jedwali la njia la ruta. Ndiyo maana alama ya kutuma ikipotea ni kazi bure kuhamisha seva ya VPN kutoka London kwenda Amsterdam. Kuna kitu kingine kilichoingia nyumbani pamoja na VPN: jina jipya la Wi-Fi, mtandao wa wageni, ruta ya pili, au programu ya VPN kwenye simu. Hicho ndicho cha kutafutwa.

Kuakisi skrini nzima ni habari nyingine. Hapo picha inatoka kwenye simu moja kwa moja, kwa hiyo njia ya ndani ndiyo inabeba mzigo wote.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Nenosiri la kuingia kwenye ruta yako, na la kisanduku cha kampuni kama unalo. Kisanduku cha Huawei mara nyingi hufunguka kwa 192.168.100.1, ruta za GL.iNet kwa 192.168.8.1, ruta zenye programu ya OpenWrt kwa 192.168.1.1. Faili la WireGuard ulilopewa na mtoa VPN, uliloliweka mahali salama nje ya ruta. Simu moja na, ikiwezekana, kompyuta ya mkononi. Programu ya kuorodhesha vifaa vya mtandao kama Fing. Kebo moja ya mtandao, maana kuna wakati utataka kuiondoa Wi-Fi kwenye mashaka. Na karatasi. Utaandika anwani, na ukizitegemea kichwani utazichanganya.

Pakua pia nakala ya mipangilio ya ruta kabla hujagusa chochote. Ruta karibu zote zina kitufe cha kuhifadhi mipangilio kwenye faili, kwa kawaida chini ya menyu ya mfumo.

Walio Tanzania wakumbuke kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN, watu binafsi na kampuni, kutoa taarifa za VPN zao pamoja na anwani za IP. Jua unaposimama kabla ya kuiwekea nyumba nzima.

Hatua

1. Zima VPN ya kwenye simu. Watu wengi huweka VPN kwenye ruta na kusahau kwamba ile ya simuni bado inawaka. VPN ya simu huweza kubeba pakiti zote, hata zile za kwenda kwenye TV iliyo mita tatu mbele yako, ikazipeleka nje ya nchi. Kama lazima uiache, tafuta ndani ya programu hiyo mpangilio wa kuruhusu mtandao wa nyumbani, kwa kawaida umeandikwa "Allow LAN" au "Local network sharing". Kwenye Android ingia pia mipangilio ya VPN ya simu yenyewe, ubonyeze gurudumu pembeni ya jina lake, na uhakikishe swichi ya kuzuia miunganisho isiyopita kwenye VPN imezimwa. Swichi hiyo ikiwaka, unaweza kuifunga programu ya VPN na njia ya ndani ikabaki imefungwa.

Wakati uko hapo, zima data ya simu kwa muda. Simu ikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia data kimyakimya, nawe unabaki kutafuta TV ukiwa kwenye mnara wa simu.

2. Zima VPN ya ruta, jaribu, iwashe tena. Hiki ndicho kipimo kinachogawa tatizo. Zima handaki, subiri kama dakika moja, fungua YouTube upya na utume.

Ikikataa hata VPN ikiwa imezimwa, kosa liko njia ya ndani: endelea na hatua ya 3 hadi ya 7. Ikikubali VPN ikiwa imezimwa na kukataa ikiwashwa, na jina la TV bado linaonekana, ruka hadi hatua ya 8. Jina likipotea kila unapowasha VPN na kurudi ukiizima, usiruke. Karibu kila mara ruta imetengeneza mtandao tofauti kwa ajili ya VPN, na hatua ya 3 itauonyesha.

Kosa la kawaida hapa ni kuzima VPN na kuacha kile kizuizi cha dharura, "kill switch", kikiwaka. Kazi yake ni kukata intaneti yote handaki likianguka. Ukikiacha, kipimo chako kitakudanganya: intaneti haipo, TV haichezi, na utahukumu kwamba VPN haina hatia.

3. Andika anwani za IP za simu na TV. Kwenye simu, gusa jina la Wi-Fi uone maelezo yake. Kwenye Google TV, ingia mipangilio, mtandao, kisha gusa jina la Wi-Fi. Linganisha namba tatu za mwanzo.

Simu 192.168.8.115 na TV 192.168.8.20: ziko mtandao mmoja, nenda hatua ya 5. Simu 192.168.8.115 na TV 192.168.100.14: TV imebaki kwenye Wi-Fi ya kisanduku cha kampuni. TV ikiwa 192.168.9.30 kwenye ruta ya GL.iNet, umeiweka kwenye mtandao wa wageni, ambao ruta hizo huupa 192.168.9.x.

Usidanganywe na ping, kile kipimo cha kuuliza kama kifaa kipo. Simu iliyo kwenye ruta ya ndani inaweza kuipigia ping TV iliyo kwenye kisanduku cha nje na ikajibiwa vizuri, kwa sababu ruta ya ndani inajua njia ya kwenda nje. Lakini simu haiitafuti TV kwa ping. Inapiga mbiu kwa mDNS, kwenye anwani 224.0.0.251 mlango UDP 5353, na mbiu hiyo haivuki ruta. Ping ikijibiwa na jina lisipoonekana, tayari umepata jibu lako.

4. Hamishia vyote kwenye mtandao mmoja. Ukiwa na ruta mbili, dawa iliyo bora ni kuzima kabisa Wi-Fi ya kisanduku cha kampuni na kuacha ya ruta yako pekee. Ikiwashwa zote mbili, iko siku TV itarudi kwenye ile ya zamani yenyewe, kwa sababu nenosiri bado inalikumbuka. Kama kampuni haikukupa nenosiri la kisanduku, nenda kwenye TV na uifute ile Wi-Fi ya zamani kwenye orodha ya mitandao iliyohifadhiwa. Fanya hivyo na kwenye simu za watoto.

Kebo nayo ina namna yake: itoke kwenye mlango wa LAN (wa ndani) wa kisanduku iingie mlango wa WAN (wa nje) wa ruta yako. Ikiingia LAN, vifaa vinaweza kupitia kisanduku moja kwa moja, VPN haiguswi na mtu, na utashangaa kwa nini TV inacheza vizuri ila bado inaonekana iko Kenya. Pia hakikisha ruta mbili hazitumii anwani za aina moja. Kisanduku kikiwa 192.168.1.1 na OpenWrt yako nayo 192.168.1.1, badilisha ya kwako iwe 192.168.8.1 kabla ya kitu kingine chochote.

Wengine hutengeneza Wi-Fi mbili kwenye ruta moja, tuseme Nyumbani na Nyumbani-VPN, ili TV ikae ya pili na simu ya kwanza. Ni wazo zuri likifanywa kwa ukamilifu, ila kwa anayeanza ni mtego, kwa sababu kila Wi-Fi inapata mtandao wake. Hatua ya 11 inakupa njia rahisi ya kufika palepale. Ukishikilia Wi-Fi mbili, kwenye OpenWrt utahitaji programu ya Avahi yenye mstari wa `enable-reflector=yes`, irudie mbiu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kisha fungua ukuta wa moto (firewall): mlango UDP 5353 kutoka pande zote mbili kwenda kwenye ruta, na TCP 8008, 8009 na 8443 kutoka upande wa simu kwenda TV. Picha na video zilizo ndani ya simu yenyewe hazitacheza mpaka uruhusu na TV iifikie simu, kwa kuwa TV huzifuata kwenye simu.

Usiwashe urudiaji huo kuelekea mlango wa WAN. Hapo unavitangaza vifaa vya nyumba yako nje ya ukuta.

5. Zima utenganishaji wa vifaa. Ruta nyingi zina mpangilio wa kuzuia vifaa vya Wi-Fi visionane. Huandikwa "AP Isolation", "Client Isolation" au "Wireless Isolation". Kwenye mtandao wa wageni mara nyingi huwashwa tangu kiwandani. Zima, kisha zima na kuwasha ruta, maana baadhi hazishiki mabadiliko hayo papo hapo.

Hapohapo angalia "IGMP Snooping". Kazi yake ni kupunguza kelele za mbiu, lakini kwenye ruta nyingi za bei nafuu hufanya kazi vibaya: TV inaonekana dakika chache baada ya kuwashwa, kisha inapotea. Dalili hiyo ukiiona, badilisha mpangilio huo kutoka ulivyo sasa, uwe umewaka au umezimwa, na uangalie kwa nusu saa.

Simu ikiwa 5 GHz na TV 2.4 GHz si tatizo lenyewe. Masafa hayo mawili ni mtandao mmoja kama yanatoa anwani za aina moja. Ruta chache hushindwa kupitisha mbiu kati yake. Kipimo ni kuiweka simu 2.4 GHz kwa muda. TV ikitokea, umemkamata mhusika, na TV ukiihamishia kwenye kebo utakuwa umemaliza.

6. Ruhusa za simu. Tangu iOS 14, iPhone humuuliza mwenye simu kama programu iruhusiwe kutafuta vifaa vya mtandao wa ndani. Ukigusa "kataa" siku ya kwanza, haiulizi tena. Ingia mipangilio ya faragha, fungua "Local Network", uwashe YouTube, Google Home na nyinginezo. Kwenye Android mpya angalia ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Hatua hii ni ya sekunde kumi lakini wengi huifikia baada ya kuifuta ruta.

7. Gonga mlango wa TV. Kwenye kompyuta iliyo mtandao huohuo, jaribu mlango 8009, ambao Chromecast hupokelea amri:

`nc -vz 192.168.8.20 8009`

Kwenye Windows, ndani ya PowerShell:

`Test-NetConnection 192.168.8.20 -Port 8009`

Mlango ukijibu na jina halionekani kwenye simu, mbiu ndiyo inayozuiwa: rudi hatua ya 5 na ya 6. Mlango usipojibu, labda namba si ya TV yako, labda utenganishaji bado unawaka, labda TV imelala. Iwashe kwa rimoti ujaribu tena. Kwa AirPlay jaribu mlango 7000.

8. Hakikisha handaki liko hai. Sasa tumeingia njia ya nje. Kwenye ruta yenye amri, andika `wg show`. Tazama mstari wa "latest handshake". Handaki linalotumika hupeana mkono upya kila baada ya dakika mbili hivi. Ukiona dakika 40 huku TV inajaribu kucheza, handaki limekufa hata kama taa ya VPN kwenye ukurasa wa ruta ni ya kijani. Taa hiyo kwenye ruta nyingi inamaanisha tu kwamba mipangilio imepakiwa.

Hapa ndipo tatizo la umeme linapokaa, nalo linahitaji maelezo kidogo kwa sababu huwasumbua watu kwa miezi. Ruta za nyumbani nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika, ruta ikiwaka huamini ni tarehe ya zamani hadi iulize saa intaneti kwa NTP. WireGuard huweka muda ndani ya kila ombi la kupeana mkono, na seva hukataa ombi lenye muda wa nyuma kuliko la mwisho ililopokea. Kwa hiyo ruta inahitaji saa ili handaki lisimame. Na kama kizuizi cha dharura kimefunga kila kitu kisichopita kwenye handaki, inahitaji handaki ili ipate saa. Vinangojeana mpaka uje wewe. OpenVPN, aina nyingine ya VPN, nayo hukwama kwa sababu ya jirani na hii: cheti cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika.

Tiba ni mambo matatu. Kwanza, ruhusu trafiki ya ruta yenyewe kwenye mlango UDP 123 itoke nje ya handaki. Pili, seva ya saa iandike kwa namba, kwa mfano 162.159.200.1 ya Cloudflare au 216.239.35.0 ya Google, ili isitegemee DNS, yaani huduma ya kutafsiri majina kuwa namba za IP, ambayo nayo iko ndani ya handaki. Tatu, kwenye faili la WireGuard, mstari wa Endpoint ukiwa na jina, weka namba ya IP ya seva badala yake. Jina hutafsiriwa handaki linapoanza, na DNS isipopatikana wakati huo halisimami. Ubaya wa hiyo ya tatu ni kwamba mtoa VPN akibadilisha namba utalazimika kuibadilisha mwenyewe.

Njia ya dharura, ukiwa na wageni sebuleni na mpira unaanza: zima kizuizi cha dharura, ngoja ruta ipate saa sahihi, zima handaki na uliwashe, kisha rudisha kizuizi.

9. DNS. Chromecast ina tabia ya kuuliza 8.8.8.8 na 8.8.4.4 moja kwa moja, hata ukiipa DNS nyingine kupitia DHCP, yaani kigawa-anwani cha ruta. Ikiwa ruta imezuia DNS zote isipokuwa ya mtoa VPN, TV itasema haina intaneti wakati simu iliyo pembeni yake inafungua kurasa bila shida. Usizuie, elekeza: maswali yote ya mlango 53 kutoka ndani yarudishwe kwa ruta. Kwenye GL.iNet kuna swichi ya "Override DNS Settings for All Clients". Kwenye ruta za Asus zenye programu ya Asuswrt-Merlin menyu ni "DNS Director". Kwenye OpenWrt ni kanuni moja ya kuelekeza mlango 53, UDP na TCP, kutoka lan kwenda kwa ruta.

Ukimaliza izime TV kwenye plagi, si kwa rimoti. Rimoti huilaza tu, na majibu ya zamani ya DNS hubaki.

10. Ukubwa wa pakiti. Orodha ya filamu inafunguka, picha ndogo zinaonekana, lakini video yenyewe haianzi au inakwama baada ya sekunde chache, na kipimo cha kasi kinaonyesha namba nzuri. Hiyo ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, karibu kila mara. WireGuard kwa kawaida hutumia 1420, ambayo ni 1500 ya kebo ya kawaida ukitoa 80 za kifungashio. Ila laini yako ikiwa PPPoE una 1492 tu, na 4G huweza kuwa chini zaidi.

Pima kutoka kompyuta ya Windows iliyo ndani ya VPN:

`ping -f -l 1392 1.1.1.1`

Kwenye Linux ni `ping -M do -s 1392 1.1.1.1`. Ongeza 28 upate ukubwa kamili, yaani 1392 ni sawa na 1420. Ikikataa, shusha kwa 20 mpaka ijibu, ongeza 28, na namba hiyo iandike kama MTU kwenye mipangilio ya WireGuard. Ukichoka kupima, weka 1280. Itapunguza kasi kidogo, lakini inapita karibu kila mahali. Washa na "MSS clamping" kwenye ukuta wa moto wa handaki. Kumbuka tu kwamba inasaidia TCP peke yake, wakati YouTube mara nyingi hutumia UDP, hivyo haichukui nafasi ya MTU sahihi.

11. Amua nani apite kwenye VPN. Si lazima nyumba nzima. Mpangilio unaosumbua kidogo zaidi ni TV pekee kupita kwenye handaki huku simu na kompyuta zikitoka kawaida, vyote vikiwa Wi-Fi moja. Njia ya ndani haiguswi, kwa hiyo alama ya kutuma inabaki.

Ipe TV anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.8.20, kwenye orodha ya DHCP. Kisha weka sera: kwenye Asuswrt-Merlin ni "VPN Director", kwenye OpenWrt ni kifurushi cha pbr, kwenye GL.iNet ni sera za VPN kwa kifaa. Usitumie sera ya majina ya tovuti kwa ajili ya TV. Netflix haiishi kwenye netflix.com tu, video zake hutoka nflxvideo.net na kwingineko, na jina moja likikupita TV inaonekana iko nchi mbili kwa wakati mmoja.

Ukiwa na mitandao miwili ya ndani, tanguliza sera inayosema kila kinachokwenda 192.168.0.0/16 kisipite kwenye VPN. Bila hiyo, majibu ya TV kwa simu hutumbukia kwenye handaki.

Simu isiwekewe sera kwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa kwenye Wi-Fi. Android na iPhone hubuni MAC kwa kila mtandao, na ukiifuta Wi-Fi na kuiunga tena sera yako inaweza kubaki inamsubiri mtu aliyehama.

Bado haijakubali

*Inatuma, kisha huduma inasema unatumia VPN au proksi.* Mtandao wako hauna kosa. Huduma imeitambua anwani ya seva na imeikataa. Kwenye Netflix msimbo ni M7111-5059. Chaguo lililobaki ni kuitoa TV nje ya handaki kwa huduma hiyo.

*Simu inaonyesha filamu, TV inasema haipatikani hapa.* Simu iko nje ya VPN na TV iko ndani, kwa hiyo kila moja inaona orodha ya nchi yake. Tafuta filamu kwa rimoti kwenye TV yenyewe badala ya kuituma, au ipitishe simu kwenye handaki lilelile la ruta.

*TV inaonyesha nchi ya nyumbani ingawa handaki liko hai.* Angalia IPv6. Mafaili mengi ya VPN hubeba IPv4 peke yake, na IPv6 inatoka pembeni. Zima IPv6 kwenye LAN, izime TV kwenye plagi, jaribu tena.

*Picha inashuka ubora jioni.* Netflix inashauri Mbps 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Pima kwenye TV, si kwenye simu. Ukipata 40 bila VPN na 8 ukiwa nayo kwa OpenVPN, prosesa ya ruta ndiyo imezidiwa, kwani kusimba pakiti ni kazi nzito. Hamia WireGuard kabla ya kununua bando kubwa zaidi.

*Alama ya kutuma imepotea kwenye Netflix peke yake, YouTube ipo.* Usiguse ruta. Mwishoni mwa 2025 Netflix iliondoa kutuma kutoka kwenye simu kwa TV nyingi na vifaa vyenye rimoti. Zilizobaki ni hasa Chromecast za zamani zisizo na rimoti. Fungua programu ya Netflix kwenye TV.

*Chromecast ya zamani inakataa kila programu, hata VPN ikiwa imezimwa na simu ikiwa pembeni.* Usikimbilie kuirudisha kiwandani. Machi 2025 cheti cha Chromecast za kizazi cha pili kiliisha muda na zikagoma duniani kote. Google iliwaambia watu wasizifute, na waliozifuta walishindwa kuziweka upya mpaka marekebisho yalipotoka. Iache kwenye umeme ikiwa imeungwa intaneti nje ya VPN, ijisasishe, ndipo uirudishe kwenye sera ya hatua ya 11.